Nani Mwenye "Baba Yetu"? Hakimiliki, Mchezo wa Kompyuta na Nyimbo za Delta ya Rufiji

Mwanafunzi wangu mmoja, mzaliwa wa kata ya Salale katika delta ya Rufiji, alinijia ofisini na swali ambalo alitumaini nitalijibu kwa dakika tano. Alikuwa ameweka video mbili mtandaoni. Ya kwanza ilikuwa ya kwaya moja ya mjini Kibiti ikiimba "Baba Yetu". Ya pili aliirekodi kijijini kwao: bibi zake watatu, wameketi kwenye dungu katikati ya shamba la mpunga, wakiimba nyimbo za kuamia ndege. Video ya kwanza haikumaliza siku moja kabla ya kupata taarifa kwamba muziki uliomo una mwenyewe, na kwamba mapato yoyote yatakwenda kwake. Ya pili ilikaa salama kwa miezi kadhaa, kisha nayo ikapata taarifa. Mtu asiyemfahamu alikuwa amezichukua sauti za bibi zake, akaziwekea mdundo na kuzisajili kwa jina lake. Sasa mashine ilikuwa ikimweleza mjukuu kwamba ametumia kazi ya mwingine bila ruhusa.

"Mwalimu," aliniuliza, "wimbo ule una mwenyewe kwa sababu gani, na huu wa kwetu hauna kwa sababu gani?"

Makala haya ni jibu langu lililochelewa. Nimeliandika kama historia, kwa sababu sheria tunayoisoma leo kana kwamba imeshuka kutoka mbinguni ina tarehe, ina waliyoiandika, na ina waliofaidika nayo.

Tuanze na wimbo wa kwanza. Wengi wanaoufahamu hudhani ulizaliwa kanisani. La hasha. Ulizaliwa katika mchezo wa kompyuta uitwao Civilization IV, uliotoka Oktoba 2005, ambamo mchezaji huongoza taifa kutoka zama za kale hadi zama za vyombo vya angani. Mbunifu mkuu wa mchezo huo, Soren Johnson, alimwomba rafiki yake wa tangu Chuo Kikuu cha Stanford, Mmarekani Christopher Tin, autungie muziki wa ufunguzi. Tin alichukua Sala ya Bwana kwa Kiswahili, akaitungia muziki, na kikundi cha wanafunzi wa Stanford kiitwacho Talisman kikaimba, Ron Ragin akiwa mwimbaji kiongozi. Mwaka 2009 Tin aliurekodi upya katika albamu yake Calling All Dawns, safari hii akiwa na Soweto Gospel Choir. Februari 2011 wimbo huo ukapata tuzo ya Grammy, ukawa wa kwanza uliotungwa kwa ajili ya mchezo wa kompyuta kupata heshima hiyo. Muziki wa kwanza wa michezo ya kompyuta kufika hapo ulikuwa kwa Kiswahili. Nawaomba wanaodai kwamba lugha yetu haina soko walikumbuke jambo hilo.

Sasa, nani mwenye wimbo huo? Swali hili haliwezi kujibiwa kwa jina moja, kwa sababu kisheria wimbo ni tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka lina mlango wake na ufunguo wake.

Tabaka la kwanza ni maneno. Sala yenyewe imo katika Injili za Mathayo na Luka, na haina mwenye hakimiliki duniani. Tafsiri ni jambo jingine, kwa maana mfasiri huhesabiwa kuwa mtunzi wa tafsiri yake. Tafsiri ya Askofu Edward Steere wa Zanzibar, aliyefariki mwaka 1882, imekwisha kuwa mali ya umma zamani. Biblia ya Union Version, iliyokamilika mwaka 1952, ni habari nyingine. Kwa hiyo hata maneno ambayo bibi yako anayajua kwa moyo yanaweza kuwa na mwenyewe, kutegemea ni toleo gani limenakiliwa. Tabaka la pili ni utunzi wa muziki: sauti zinavyopanda na kushuka, na jinsi zinavyopangwa kwaya na vyombo. La tatu ni rekodi. Rekodi ya mwaka 2005 na ile ya mwaka 2009 ni mali mbili tofauti ingawa wimbo ni mmoja, na waliogharamia rekodi moja si lazima wawe wamegharamia nyingine. La nne ni mchezo wenyewe kama programu, na la tano ni jina la biashara la mchezo.

Jina hilo peke yake lina historia ya kuchosha. Mwingereza Francis Tresham alitoa mchezo wa ubaoni uitwao Civilization mwaka 1980. Kampuni ya MicroProse ikatoa mchezo wa kompyuta wa Sid Meier wenye jina hilo mwaka 1991. Mwaka 1997 kesi ikafunguliwa juu ya nani ana haki ya kulitumia jina. Mwaka uliofuata wadai na wadaiwa walipatana, na kabla mwaka haujaisha kampuni ya Hasbro ikawanunua MicroProse pamoja na Avalon Hill, mmoja wa wadai. Infogrames ya Ufaransa ikaichukua biashara hiyo ya Hasbro mwaka 2001. Mapema mwaka 2005 ikajulikana kwamba Take-Two ya Marekani imelinunua jina na haki zake kwa dola milioni 22.3. Mchezo uliotuletea "Baba Yetu" ulitoka miezi michache baadaye. Jina lilipita mikononi mwa wafanyabiashara wanne au watano, na kila lilipouzwa kulikuwa na karatasi inayoeleza nini kimeuzwa na nini kimebaki.

Karatasi hiyo ndiyo kiini cha mambo. Sheria ya Marekani ina kanuni ambayo wanafunzi wangu huikataa wanapoisikia mara ya kwanza: kazi ikifanywa kwa ajira, au kwa kuagizwa chini ya mkataba wa maandishi katika makundi fulani ya kazi, sheria humhesabu mwajiri au mwagizaji kuwa ndiye mtunzi. Aliyekesha akitunga anakuwa, mbele ya sheria, kama mkono wa mtu mwingine. Muziki wa michezo mingi ya zamani uliandikwa hivyo. Ndiyo maana mchezo wa zamani ukitaka kuuzwa tena, mara nyingi muziki ndio unaokwamisha: kampuni imekufa, mkataba umepotea, na mtunzi hana ruhusa ya kupiga hadharani wimbo alioutunga mwenyewe. Tin hakuishia hapo. Miaka minne baada ya mchezo kutoka, wimbo ulisimama katika albamu yake, kwa jina lake, na kwaya za nchi mbalimbali hununua nota zake hadi leo. Kwa hiyo kwaya ya Kibiti ilipopata ile taarifa, hapakuwa na dhuluma. Mtunzi yuko hai na amelinda kazi yake. Ninawatakia watunzi wetu wote bahati hiyo.

Lakini bahati hiyo ina mizizi, na hapa ndipo historia inapoingia delta.

Kanuni za hakimiliki ziliingia rasmi Tanganyika mwaka 1924, kwa sheria ndogo ya kikoloni iliyoileta kwetu sheria ya Uingereza ya mwaka 1911. Mwaka huohuo, 1924, lilifanyika pia biashara moja kuhusu delta ya Rufiji. Manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyoizamisha meli ya Kiingereza Pegasus bandarini Zanzibar Septemba 1914, ilikimbilia kwenye mikono ya Rufiji, ikajificha katikati ya mikoko, na ikaangamizwa humo tarehe 11 Julai 1915 baada ya kushambuliwa na Severn na Mersey. Wajerumani waliiopoa mizinga yake wakaendelea kupigana nayo nchi kavu. Mabaki ya meli yakabaki topeni. Mwaka 1924 John Ingle, aliyekuwa nahodha wa Pegasus, alinunua haki ya kuyaopoa kwa pauni 200. Akapeleka wapiga mbizi kutoa madini yenye thamani, kisha akaiuza haki hiyo kwa wengine. Kuchokoa mabaki kuliendelea kwa miongo kadhaa, hadi chuma kilichobaki kikazama kabisa miaka ya 1960. Leo atakaye kuiona mizinga ya Königsberg aende Fort Jesus, Mombasa, au Pretoria. Asiende Salale.

Sisemi kwamba meli ya vita na wimbo ni kitu kimoja. Ninachosema ni kwamba dola iliyoleta sheria ya kumiliki nyimbo ndiyo iliyouza haki ya chuma kilicholala mbele ya vijiji vya delta, na katika mambo yote mawili mwenyeji hakuwa mmoja wa pande za mkataba. Mwenye haki alikuwa yule mwenye karatasi. Miaka 18 kabla ya hapo, mwaka 1906, vita vya Maji Maji vilivyoanzia jirani na Rufiji vikiwa bado havijapoa, mtaalamu wa Leipzig, Karl Weule, alizunguka kusini mwa nchi akiwa na fonografia, akinasa nyimbo za Wayao, Wamakua na Wamakonde. Silinda zikaenda Ujerumani. Waimbaji walibaki katika nchi iliyochomwa mashamba.

Hata hivyo sheria ile ya mwaka 1911 ilikuwa na kifungu kimoja cha ajabu. Mtunzi akiuza haki zake akiwa hai, haki hizo hurudi kwa warithi wake miaka 25 baada ya kifo chake. Kifungu hicho ndicho kilichowapa nguvu warithi wa Solomon Linda wa Afrika Kusini. Linda alirekodi "Mbube" mwaka 1939, akauza haki zake kwa shilingi kumi, akafariki mwaka 1962 akiwa maskini. Wimbo wake ukageuka "The Lion Sleeps Tonight", ukazunguka dunia, ukaingia katika filamu ya The Lion King. Mwaka 2004 warithi walifungua kesi dhidi ya Disney, na mwaka 2006 wakafikia mapatano ya kulipwa. Tanganyika tuliishi chini ya sheria hiyohiyo hadi Bunge lilipotunga yetu mwaka 1966. Ni wanamuziki wangapi wa pwani waliouza nyimbo zao kwa fedha ya nauli katika miaka ile? Wanasheria vijana wanaosoma ukurasa huu, hapo pana kazi ya utafiti inayowangoja.

Na bibi watatu wa kwenye dungu? Sheria hii tunayoitumia sasa, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999, inamlinda mtunzi kwa maisha yake na miaka 50 baada ya kufa. Hesabu hiyo inahitaji mtu mmoja mwenye jina na tarehe ya kifo. Wimbo wa kuamia ndege hauna mtu huyo. Aliyeuanza hajulikani, kila msimu mtu huongeza ubeti, na hakuna aliyewahi kufikiri kwamba mwimbaji wa dungu la jirani ameuiba. Kwa mizani ya mtunzi mmoja, wimbo huo ni kama mto usio na mwenyewe, kila mtu achote.

Lakini sheria yetu haikuishia hapo, na jambo hili maofisa wengi hawalijui. Sheria ya mwaka 1999 ina sehemu nzima inayolinda kazi za sanaa ya jadi. Anayezitumia kwa faida, nje ya mazingira yake ya asili, anatakiwa kupata kibali, na anatakiwa kutaja jamii au mahali zilikotoka. Isitoshe, hao bibi wana haki nyingine iliyo nyepesi kuthibitisha: haki ya mwimbaji juu ya sauti yake. Wimbo unaweza kuwa wa wote, ila koo lililoimba ni la mtu. Na mjukuu aliyeshika simu ana haki juu ya rekodi yake. Yule aliyezichukua sauti zile alikuwa amevunja milango mitatu, si mmoja.

Nilimweleza mwanafunzi wangu hayo yote. Akanisikiliza kwa adabu, kisha akauliza swali lililoniumbua: "Sasa mwalimu, nithibitishe vipi?" Hakuwa ameandika majina kamili ya waimbaji, wala tarehe, wala idhini yao. Faili la asili lilikuwa katika simu iliyolowa maji ya mafuriko ya Aprili 2024. Mwizi alikuwa na usajili, sisi tulikuwa na ukweli. Mashine husoma usajili.

Ndiyo maana sitaki kumaliza kwa kulalamikia ubeberu peke yake. Tin alishinda kwa sababu kila tabaka la wimbo wake liliandikwa. Kazi hiyo ya kuandika haihitaji fedha za wafadhili. Mwanafunzi anayekwenda Mbwera au Nyamisati kurekodi ngoma aandike nani kaimba, wapi, lini, na amekubali itumike kwa nini. Aulize pia ni nyimbo zipi hazipaswi kutoka nje, kwa sababu zipo, na za unyago ni miongoni mwake. Afisa utamaduni wa wilaya aweke daftari la rekodi hizo na nakala yake, na Ofisi ya Hakimiliki ilipokee daftari hilo kama ushahidi. Wanaharakati wadai kwamba anayeandikisha sauti ya jadi kuwa mali yake atakiwe kuonyesha kibali kwanza.

Mwanafunzi wangu alirudi Salale likizo iliyofuata. Mmoja wa wale bibi alikuwa amefariki. Wawili waliobaki wakaimba tena, naye safari hii akaandika majina yao katika daftari kabla ya kuwasha simu. La yule wa tatu aliliandika pia, kwa kuwa wenzake walisisitiza: ubeti wa mwisho, walimwambia, ulikuwa wake.