Maziwa Yanayosubiri: Samli, Pombe na Meza ya Mgodini

Desturi ya kualika watu waonje jibini pamoja na bia au mvinyo imekwisha kufika Afrika Mashariki. Limuru, nje kidogo ya Nairobi, kiwanda cha Brown's kilichoanza mwaka 1979 hupokea wageni wanaokaa mezani wakionja kipande kimoja baada ya kingine, huku mwenyeji akiwaeleza kipi kinapatana na kinywaji gani. Ukiitaja desturi hiyo Kahama au Geita, jibu la haraka ni kwamba hayo ni mambo ya wageni wa mgodini, na kwamba nchi ya Wasukuma na Wazinza haijawahi kuwa nayo. Nusu ya jibu hilo ni kweli: jibini haikuwa zao la Usukumani. Nusu ya pili ndiyo ninayoipinga. Kazi ambayo jibini imefanya Ulaya kwa karne nyingi ilifanywa huku na samli, na kando ya samli palikuwa na pombe ya nafaka iliyopimwa na walaji wenye ulimi mkali kama wa mwonja mvinyo yeyote. Kilichotufanya tuuone ujuzi huo kama si ujuzi ni meza nyingine, iliyowekwa ndani ya uzio wa migodi na kulindwa na sheria.

Tuanze na jibini yenyewe, kwa sababu wengi huiona kama anasa na kusahau kwamba ilianza kama akiba. Katika milima ya Uswisi na Ufaransa ng'ombe hupanda malishoni miezi michache ya joto, maziwa yakawa mengi kuliko yanavyoweza kunywewa, kisha theluji hushuka na nyasi zikapotea. Mfugaji wa kule aliyagandisha maziwa kwa kimeng'enya kilichotoka tumboni mwa ndama, akakamua maji yake, akatia chumvi na kuyaweka kwenye sela yenye nyuzi 10 hadi 15 hivi, yakangoja hadi miezi ya baridi. Zabibu nazo haziwezi kungoja, ila zikiwa mvinyo hungoja. Meza ya jibini na mvinyo, kwa asili yake, ni mkutano wa vitu viwili vilivyovuka msimu. Ladha tunayoisifu leo ilizaliwa na hofu ya njaa.

Sasa tutazame mbuga za Shinyanga. Mvua huanza karibu na Novemba na kukoma karibu na Mei, kisha ardhi hukauka miezi mingi. Ng'ombe wa asili, mwenye nundu, hutoa lita moja au mbili kwa siku baada ya ndama kupata sehemu yake, na kiangazi hutoa chini ya hapo. Kilo moja ya jibini ngumu hutaka kama lita 10 za maziwa, kisha hutaka chumba baridi cha kuikomaza, na nchi hii haikuwa na chumba baridi. Mama wa Kisukuma alichagua njia nyingine. Maziwa yaliachwa yagande kibuyuni, yakasukwasukwa mpaka siagi ikajitenga, na siagi ikachemshwa mpaka maji yote yakaisha. Samli iliyopatikana ilikaa miezi bila kuharibika katika joto lile lile ambalo lingeiozesha jibini. Na hapa kuna jambo ambalo naona halijapewa uzito wake. Anayetengeneza jibini akaipeleka sokoni hutoa nyumbani kwake mafuta na protini pamoja. Anayetengeneza samli huuza mafuta tu. Protini hubaki ndani ya mtindi, na mtindi hunywewa na watoto wake, au huliwa na michembe na matobolwa ya viazi vitamu. Kwa familia iliyoishi katika ukame wa mara kwa mara, hiyo ilikuwa hesabu iliyokaa sawa kabisa. Maziwa ya ng'ombe wetu pia yana mafuta mengi kwa kila lita kuliko ya ng'ombe wengi wa Ulaya, kwa hiyo samli ilitumia sifa kubwa zaidi ya maziwa hayo.

Samli hiyo haikuishia jikoni. Wafanyabiashara wa Kihindi wa Mwanza na Shinyanga waliinunua, na reli ya Tabora hadi Mwanza ilipokamilika mwaka 1928, ikipita Shinyanga, njia ya kuifikisha pwani ilifupika sana. Serikali ya kikoloni nayo, katika miaka ya kati ya vita viwili vya dunia, ilihimiza mashine za kutenga malai katika Jimbo la Ziwa na kutaka samli ipimwe ubora kabla ya kuuzwa. Zao linalopangwa madaraja kwa harufu, rangi na unyevu ni zao lenye waonjaji. Tofauti ni kwamba waonjaji hao hawakuitwa mabingwa.

Pombe ya mtama na ya uwele ilikuwa na maarifa yake. Nafaka hulowekwa, huachwa ichipue, huanikwa, husagwa na kuwa kimea. Uji hupikwa, hupoozwa, hutiwa kimea na kuachwa. Ukiunywa mapema una togwa, tamu, isiyolevya, ya watoto na wagonjwa. Siku mbili tatu baadaye una pombe, na hiyo nayo ina umri: kuna changa, kuna iliyoiva, kuna iliyopita wakati wake na kuchachuka mno. Mpikaji aliyejua kusimama kati ya utamu na ukali alijulikana kwa jina, na watu walitembea mwendo mrefu kwenda kwake wakipita milango mingine iliyo karibu. Mwenyeji alionja kwanza mbele ya wageni. Huko magharibi, kuelekea Biharamulo na Bukoba, ndizi zilishika nafasi ya nafaka, na lubisi ikawa na taratibu zake. Ukali wa mtindi na uchachu wa pombe ya nafaka hutoka kwenye jamii moja ya vijidudu, vile vinavyotengeneza asidi ya maziwa. Ndiyo sababu aliyelelewa na kibuyu cha mtindi hana shida ya kuelewa pombe nzuri ya mtama. Waonjaji wa Ulaya hueleza kwamba mafuta ya jibini huufunika ulimi, na uchachu wa mvinyo au uchungu wa bia huusafisha. Kanuni hiyo inafanya kazi vilevile kwa mboga zilizoungwa kwa samli na kata ya pombe.

Mtu anaweza kunipinga hapa, na pingamizi lake ni zito: maziwa na pombe havikukaa mkeka mmoja. Maziwa ni ya watoto na ya nyumbani. Pombe ni ya wageni, ya kundi la walimaji waliosaidia shamba, ya ngoma. Wafugaji wengi wa kanda hizi wana miiko kuhusu kipi kisikutane na maziwa. Wamasai hutenganisha maziwa na nyama. Nakubali kwamba mtindi na pombe vilikuwa na nyakati tofauti. Lakini samli haikuwa mtindi. Ikishachemshwa iliacha kuwa kinywaji cha mtoto ikawa kiungo cha chakula, na chakula cha wageni ndicho kilichoandaliwa pale pombe ilipokuwapo. Tena, desturi ya kushindanisha na kuhukumu ni ya zamani Usukumani. Vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, vimeshindana kwa vizazi baada ya mavuno, na mshindi ni yule ambaye umati umemfuata. Nchi iliyozoea kuhukumu wachezaji kwa macho na masikio haikuhitaji kufundishwa kwamba kitu kizuri kinaweza kulinganishwa na kingine hadharani.

Meza ya pili ilikuja na madini. Uingereza ilipoacha kuifunga sarafu yake na dhahabu mwaka 1931, bei ya dhahabu ilipanda, na kabla muongo huo haujaisha mgodi wa Geita ulikuwa ukifanya kazi. Ukawa mkubwa kuliko yote ya dhahabu Tanganyika mpaka ulipofungwa mwaka 1966. Mwaka 1940, kaskazini-mashariki ya mji wa Shinyanga, mwanajiolojia wa Kanada John Williamson aligundua almasi Mwadui, akajenga huko mji mzima wenye uzio, hospitali, shule na klabu, makazi yakigawanywa kwa rangi na cheo. Jibini na mvinyo viliingia ukanda huu kupitia milango kama hiyo, pamoja na bia ya chupa. Havikuwa tu vyakula vya watu waliovizoea kwao. Vilikuwa alama ya mahali mtu anapoishi, na sheria ilizilinda alama hizo. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulikuwa umekwisha kuweka mipaka kwa biashara ya pombe kali katika eneo kubwa la Afrika, na utawala wa Waingereza Tanganyika ukajenga juu yake: pombe ya kienyeji ikawekwa upande mmoja wa sheria, vileo vya Kizungu upande mwingine, na Mwafrika akihitaji kibali kuvuka. Mwaka 1945 Chifu Kidaha Makwaia, mtawala kutoka Shinyanga hii hii, aliingia Baraza la Kutunga Sheria, mmoja wa Waafrika wawili wa kwanza kuteuliwa. Raia wa kawaida wa himaya yake alikuwa bado haruhusiwi kununua chupa ya pombe kali kama jirani yake wa Mwadui.

Wapo watakaosema kwamba sheria hizo zilikusudiwa kuwalinda watu, na si uongo mtupu. Biashara ya pombe kali ilikuwa imeharibu jamii nyingi za Afrika Magharibi, na waliopigania mkataba wa 1890 walikuwa na mifano mikononi. Lakini tazama sheria hiyo ilichokifanya hapa. Haikuukomesha ulevi. Iliigawa pombe kwa rangi ya mnywaji, ikaipa moja heshima ya chupa, lebo na klabu, ikaiachia nyingine kilabu cha pombe chenye leseni na polisi mlangoni. Mpikaji aliyejulikana kwa jina akageuka kuwa mtu wa kukaguliwa. Vizuizi vilipoondolewa katika miaka ya mwisho ya ukoloni, mazoea yalibaki, na kijana aliyepata mshahara alithibitisha kupanda kwake kwa kuagiza chupa. Sioni kwamba alikuwa amepoteza ulimi. Alikuwa amejifunza kusoma alama.

Baada ya uhuru alama hizo zilianza kusogea, polepole. Zabibu zilikuwa zimepandwa Bihawana, karibu na Dodoma, na wamisionari Wakatoliki mwaka 1957, na mvinyo wa Tanzania ukapata nyumba yake. Aina iliyopewa jina la Makutupora imekuwa nyekundu yetu inayotambulika. Kiwanda cha bia cha Mwanza kilitoa Balimi, jina lenye maana ya wakulima katika lugha za kanda ya ziwa, na hapo chupa yenyewe ikaanza kusema Kisukuma. Uganda mwaka 2002 bia ya Eagle ilionyesha kwamba mtama wa mkulima wa kawaida unaweza kuingia kiwandani na kutoka ukiwa bia safi ya chupa. Jibini nayo ilipata makao kwenye nyanda za baridi: Njombe, Lushoto, na kule Masisi mashariki mwa Kongo, ambako watawa na mapadri wa Ulaya walifundisha ufundi wake na wenyeji wakaufanya wao. Zote ni sehemu za juu, zenye ubaridi. Shinyanga haimo katika orodha hiyo kwa sababu ileile ya joto iliyomfanya mama wa Kisukuma achague samli.

Kisha migodi ilirudi. Geita ilianza tena uzalishaji mwaka 2000, mgodi wa Bulyanhulu ukaanza mwaka 2001, na mabwalo ya kulia chakula ndani ya uzio yakarudi nayo. Kanuni za mwaka 2018 zinazotaka migodi itangulize bidhaa na huduma za Watanzania zimefungua mlango kwa wafugaji na wakulima wa hapa, na ni mlango wa kweli. Wasiwasi wangu ni namna unavyotumika. Kupeleka mgodini nyanya na mchele ni jambo jema, lakini mgodi unaonunua nyanya Geita na kuiona samli ya Msalala kama mafuta ya bei ndogo tu bado unakaa kwenye meza ya 1940.

Pingamizi la mwisho halina jibu la kumaliza. Ukanda wa dhahabu umeumizwa na pombe. Kwenye maduara ya wachimbaji wadogo fedha ya siku huishia kwenye gongo, na nyumba nyingi zimevunjika. Waislamu hawanywi, na waumini wa Africa Inland Church, kanisa ambalo misheni yake ilianza kazi Nassa mwaka 1909, wamefundishwa kujiepusha. Anayeandika kuhusu kuonja vinywaji mahali kama hapa hana haki ya kupita juu ya hayo. Ninachoweza kusema ni kwamba gongo haina umri, haina mpikaji anayejulikana kwa jina, na hainywewi kwa kulinganisha. Huchaguliwa kwa kulewesha haraka. Ujuzi wa kuonja ulijengwa juu ya subira, na kwa yule asiyekunywa ulikuwa na togwa na mtindi tangu mwanzo, vikiwa na heshima kamili.

Na subira hiyo ilikuwa na kalenda. Maziwa hujaa wakati wa mvua, mtama ukiwa bado kijani shambani na hakuna nafaka ya kuchipushia. Mtama huvunwa Juni na Julai, nyasi zikiwa zimekwisha kukauka na ng'ombe wakiwa wamepunguza maziwa. Pombe mpya na maziwa mapya hukosana kwa miezi mitatu minne kila mwaka. Kilichovikutanisha ni kibuyu cha samli iliyochemshwa masika, kilichotundikwa kikingoja Bagika na Bagalu watoke uwanjani.