Mkataba Usio na Mlango wa Kutokea

Ndege ya kwanza ya abiria iliyoundwa kupita mwendo wa sauti kuruka angani haikuwa Concorde, kama wengi wanavyodhani. Ilikuwa Tupolev Tu-144 ya Urusi ya Kisovieti, iliyoruka tarehe 31 Desemba, 1968. Concorde ilifuata tarehe 2 Machi, 1969. Lakini wiki hii tuitazame hiyo ya pili, kwani kisa chake hasa ni cha mkataba na fedha za umma.

Uingereza na Ufaransa zilitia saini mkataba wa kuiunda Novemba 29, 1962. Makisio ya gharama yalikuwa kati ya pauni milioni 150 na 170. Waingereza ndio walioshikilia kwamba kusiwe na kifungu cha kujitoa, wakihofia Wafaransa wasije wakawaacha njiani. Miaka miwili haikwisha. Oktoba 1964 chama cha Labour kikaingia madarakani, kikakuta hazina imekauka, kikataka kujitoa. Wanasheria wa serikali wakaonya kwamba Ufaransa inaweza kuishtaki Uingereza kwenye Mahakama ya Kimataifa na kudai fidia kubwa. Maji waliyavulia nguo wenyewe, ikabidi wayaoge. Gharama zikapanda hadi kupita pauni bilioni moja, na mlipaji alikuwa mwananchi wa kawaida wa London na Paris ambaye hata tiketi yake asingeimudu.

Mashirika ya ndege mwanzoni yaliichangamkia, na nafasi zaidi ya 70 zikawekwa. Kumbe mshindani wa kweli hakuwa Mrusi. Wiki tatu tu kabla ya Concorde kuruka, Boeing 747 ilikuwa imepaa huko Marekani: mwendo wake wa kawaida, lakini tumbo lake linameza abiria zaidi ya 350. Concorde ilibeba 100 tu, na ilikunywa mafuta kama ina kiu ya jangwani. Januari 1973 Pan American na TWA zikajitoa, na wengine wakafuata. Oktoba mwaka huo vita vya Mashariki ya Kati vikapandisha bei ya mafuta, na matumaini yaliyosalia yakafifia.

Safari za abiria zilianza tarehe 21 Januari, 1976. Ndege ya Uingereza ilikwenda Bahrain, ya Ufaransa ikapitia Dakar kwenda Rio de Janeiro. Mtu angeuliza, kwa nini Bahrain? Kwa sababu njia yenye wateja hasa, ya New York, ilikuwa imefungwa kwa ajili ya kelele. Wapo Ulaya waliosema huo ni wivu, maana Bunge la Marekani lilikuwa limeusimamisha mradi wao wenyewe mwaka 1971. Huenda. Lakini wakazi wa jirani na kiwanja cha Kennedy walioandamana na magari yao hawakuwa waunda ndege, walitaka kulala. New York ilifunguliwa Novemba 1977, baada ya kesi kufika Mahakama Kuu ya Marekani.

Tu-144 ilibeba abiria kati ya Moscow na Alma-Ata kwa safari 55 tu, ikasimamishwa Juni 1978. Concorde iliendelea hadi Oktoba 2003. Ziliundwa 20, zikiwamo sita za majaribio. Kumi na nne zilizobaki zilikwenda kwa mashirika ya nchi mbili zilizoziunda, na hakuna shirika jingine lililonunua hata moja.