Shirika la Viwango Tanzania

Shirika la Viwango Tanzania, ambalo aghalabu watu hulitaja kwa herufi zake tatu, TBS, ni shirika la umma lililo chini ya wizara inayosimamia viwanda na biashara, nalo lina dhamana ya kutunga kanuni za ubora wa bidhaa, kuzipima bidhaa hizo, na kuwazuia watengenezaji na wafanyabiashara wasiuze zile zilizo pungufu ya kanuni. Liliundwa kwa Sheria Namba 3 ya mwaka 1975, likaanza kazi mwezi wa Aprili 1976, na mwaka uliofuata likapewa jina lake la sasa. Sheria hiyo ya awali ilikuja kufutwa, na mahali pake pakashikwa na Sheria ya Viwango Namba 2 ya mwaka 2009.

Si kwamba kabla ya hapo nchi haikuwa na vipimo. Watu wa mwambao walipima nafaka kwa kibaba na kwa pishi, iliyo vibaba vinne, nguo kwa dhiraa, na karafuu kwa frasila, yenye uzito wa ratili 35 hivi. Lakini vipimo hivyo vilimjulisha mnunuzi wingi wa alichokinunua bighairi ya kumjulisha hali yake, na habari ya hali ilibaki katika macho yake, pua yake na uaminifu wa muuzaji. Hata leo mambo haya mawili yametengwa: mkulima anayepunjwa kwa gunia la lumbesa hana budi kupeleka malalamiko yake kwa Wakala wa Vipimo, si TBS, ijapokuwa wengi huchanganya milango hiyo miwili.

Kiwango hakitungwi na karani mmoja aliyejifungia ofisini. Hukaliwa na kamati ya kitaalamu, ambamo huwamo wenye viwanda, wataalamu wa vyuo, maofisa wa serikali na watu wanaosema kwa niaba ya walaji. Rasimu yao hutangazwa ili kila mwenye neno alitoe, na baada ya kuidhinishwa hupewa namba inayotanguliwa na herufi TZS. Wako wanaoona kwamba kumweka mwenye kiwanda katika kamati hiyo ni kumkabidhi fisi bucha, na hofu yao ina sababu; lakini hapana azijuaye hila za kughushi bidhaa kuliko mtengenezaji mwaminifu ambaye soko lake limenyang'anywa na walaghai. Baadhi ya viwango ni vya hiari, ilhali vile vinavyogusa afya na usalama ni vya lazima.

Chukua mfano wa nondo. Nondo ya milimita 12 yapasa iwe na uzito wa gramu 888 hivi kwa kila mita. Ikiwa kiwanda kimeinyoa hadi milimita 11, jicho la fundi halitaona tofauti, na bei dukani pengine itakuwa ile ile, ilhali chuma kilichomo kimepungua kwa asilimia 16, na ikishamwagiwa zege hapana tena wa kuikagua. Kwa hiyo mtengenezaji anayetaka alama ya ubora hutembelewa kiwandani, sampuli zake hupimwa maabara, na hata baada ya kupewa leseni wakaguzi huweza kumjia bila taarifa au kuichukua bidhaa yake sokoni. Wajasiriamali wadogo, wasindikao achari, asali au unga wa lishe, huanzia kwa SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, kupata barua ya utambulisho, na hupewa nafuu ya gharama.

Mwaka 2019 dhamana ya chakula na vipodozi, iliyokuwa mikononi mwa mamlaka ya chakula na dawa, ilihamishiwa TBS, na hapo ndipo shirika lilipoingia jikoni kwa mwananchi. Jambo zito kuliko yote katika mlango huu ni sumukuvu, sumu itokanayo na ukungu unaoota katika mahindi na karanga zilizohifadhiwa na unyevu, ambayo haina rangi wala harufu, wala haiondoki kwa kupikwa; mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kiwango cha Afrika Mashariki kinataka unyevu wa mahindi usizidi asilimia 13.5, na sumukuvu yote kwa jumla isizidi sehemu 10 katika bilioni, yaani maikrogramu 10 kwa kilo. Kuipima ni kazi yenye kutaka subira, kwa kuwa sumu haikuenea sawasawa: punje moja yaweza kubeba sumu nyingi na jirani zake mia zikawa salama. Mkaguzi huchoma bambo katika magunia mengi, juu, katikati na chini, huzichanganya punje alizozitoa, huzigawa na kuzigawa tena hata apate fungu dogo la kusagwa, na akichoma gunia moja tu la mlangoni huwa hakupima kitu. Mkulima asiye na maabara anayo njia yake: hutia mahindi na chumvi kavu katika chupa kavu, akaitikisa, na chumvi ikigandama kwenye kioo hujua kwamba nafaka haijafaa kuwekwa ghalani.

Kwamba tarakimu hizo zina nguvu hata mpakani kulidhihirika Machi 2021, Kenya ilipozuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, kisha baada ya siku chache ikayaruhusu kwa sharti la cheti cha ulinganifu. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2006 kuhusu viwango na upimaji ilikusudiwa kuondoa mivutano ya namna hiyo, kwa kuwa bidhaa yenye alama ya ubora ya nchi moja mwanachama yapasa kukubaliwa katika nyingine. Kwa mahindi yanayovuka mpaka katika magunia yasiyo na alama yoyote, sharti hilo halisaidii sana.

Kwa bidhaa za ng'ambo, tangu mwaka 2012 nyingi hutakiwa kukaguliwa katika nchi zitokako kabla ya kupakiwa melini, na nguo za ndani za mitumba zimepigwa marufuku kabisa, ingawa katika magulio bado hutandazwa. Zanzibar ina taasisi yake ya viwango, ZBS, iliyoundwa kwa sheria ya Baraza la Wawakilishi ya mwaka 2011.