Picha jongevu zenye mandhari wazi: ubora hupoteaje, hulindwaje?

Silikanti, samaki aliyedhaniwa kutoweka duniani mamilioni ya miaka iliyopita hadi alipopatikana nchini Afrika Kusini mwaka 1938, alipata umaarufu mkoani Tanga baada ya wavuvi kumnasa mara kadhaa katika nyavu zao miaka ya 2000. Mwaka 2009 ilianzishwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga.

Kwa mchoraji wa kompyuta, samaki huyo ni mtihani. Aogeleapo, mapezi yake yenye nyama hupishana mfano wa miguu ya mnyama atembeaye, jambo ambalo picha mnato haiwezi kulionyesha. Aidha, madoa meupe ya mwilini mwake hutofautiana kati ya samaki mmoja na mwingine, na watafiti huyatumia kumtambua kila mmoja. Picha ikipoteza madoa hayo, imepoteza taarifa, si urembo pekee.

Picha jongevu yenye mandhari wazi ni mfululizo wa picha, yaani fremu, ambazo eneo linalouzunguka mchoro halina rangi. Hivyo silikanti mmoja aweza kuwekwa juu ya ramani ya Pangani, juu ya picha ya bandari ya Tanga au katika ukurasa mweupe bila kuchorwa upya.

Udhaifu wa GIF

Muundo uliozoeleka zaidi ni GIF, uliotolewa na kampuni ya CompuServe ya Marekani mwaka 1987. Toleo la mwaka 1989 ndilo lililoongeza uwazi. Kila fremu hubeba rangi zisizozidi 256, na kila pikseli ama huonekana kabisa ama haionekani kabisa.

Matokeo yake, ukingo wa pezi unaopaswa kufifia polepole hukatika na kuwa na meno kama ya msumeno. Mchoro ulioandaliwa juu ya rangi nyeupe ukihamishiwa juu ya buluu ya bahari, huzungukwa na utepe mweupe. Rangi za buluu na kijivu zinazokaribiana huunganishwa, na madoa madogo humezwa.

Miundo iliyo bora zaidi

APNG, iliyobuniwa na wahandisi wa Mozilla mwaka 2004, na WebP, iliyotangazwa na Google mwaka 2010 na baadaye kuongezewa uwezo wa mwendo, huipa kila pikseli ngazi 256 za uwazi. Ukingo hubaki laini juu ya rangi yoyote. Mwaka 2025 APNG iliingizwa rasmi katika kanuni za kimataifa za PNG. Muundo wa JPEG haufai kwa kazi hii, kwa kuwa hauna uwazi.

Hatua za kufuata

Kwanza, fremu za asili zihifadhiwe katika PNG, muundo ambao haupotezi kitu. Marekebisho yote, ukiwemo upunguzaji wa ukubwa, yafanywe katika fremu hizo, kamwe yasifanywe katika GIF iliyokwisha kutengenezwa.

Pili, iwapo ni lazima kutumia GIF, ukingo uchanganywe na rangi ya mahali picha itakapowekwa. Ya kuwekwa juu ya bahari ichanganywe na buluu.

Tatu, kila fremu iamriwe kufutwa kabla ya inayofuata kutokea. Pasipo amri hiyo, pezi huacha kivuli cha mahali lilipokuwa.

Nne, faili likiwa zito, ni heri kupunguza idadi ya fremu au vipimo vya picha kuliko kupunguza rangi. Stika jongevu za WhatsApp, kwa mfano, hutakiwa kuwa za WebP, zenye pikseli 512 kwa 512 na uzito usiozidi kilobaiti 500.

Mwisho, picha ijaribiwe juu ya rangi nyeupe, nyeusi na buluu kabla ya kutolewa. Ikiwa madoa ya silikanti yahesabika katika rangi zote tatu, ubora umelindwa.