Zuberi Mtemvu, mgombea wa kura 53

Wadau, kuna swali huwa linaangusha wengi: uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi Tanzania Bara ulifanyika lini? Wengi watajibu 1995, enzi za Mkapa na Mrema. Jibu hilo linaruka karibu miaka arobaini ya historia, na linamruka mtu aliyegombea akashindwa, akagombea tena akashindwa vibaya vilevile. Anaitwa Zuberi Mtemvu.

Mtemvu alikuwa mmoja wa makatibu wa TANU wa miaka ya mwanzo. Januari 1958 chama kilikutana Tabora kuamua jambo gumu. Mkoloni alikuwa ameleta uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria kwa mtindo wa kura tatu: kila mpiga kura achague Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja, akiacha hata mmoja kura inaharibika. Na si kila mtu aliruhusiwa kupiga. Kulikuwa na masharti ya kipato, elimu au cheo.

Chukulia kisiwa chetu cha Mafia. Wakati ule kilikuwa ndani ya Jimbo la Mashariki pamoja na Rufiji, Bagamoyo, Kilosa, Morogoro na Ulanga, na eneo lote hilo lilitoa wajumbe watatu tu, mmoja kwa kila rangi. Mvuvi wa Jibondo au mkwezi wa minazi wa Utende angepita vipi kwenye masharti hayo? Mjumbe wa kumsemea alichaguliwa na watu wenye mshahara na vyeti.

Nyerere aliusihi mkutano ukubali, chama kiingie halafu kibadilishe mambo kikiwa ndani. Akashinda hoja. Mtemvu akakataa, akatoka, akaanzisha African National Congress, yaani ANC. Msimamo wake ulikuwa mfupi: Afrika kwa Waafrika.

Lakini naye aliingia kwenye uchaguzi uleule wa kura tatu alioupinga. Matokeo? Kura 53. Sio elfu hamsini na tatu wala mia hamsini na tatu. Hamsini na tatu! Katika Jimbo la Mashariki, Nyerere mwenyewe alipata kura zaidi ya 2,600 dhidi ya kama 800 za Patrick Kunambi. Kwa hiyo mjumbe Mwafrika wa watu wa Mafia katika Baraza lile alikuwa Julius Nyerere.

Uchaguzi wa 1960 ukaja, viti 71. Katika viti 58 TANU haikupata hata mpinzani. Chama cha Mtemvu kiliambulia kura 337 nchi nzima. Mtu pekee aliyeishinda TANU alikuwa Herman Sarwatt wa Mbulu, mwana TANU aliyesimama kama mgombea binafsi. Novemba 1962 Mtemvu akajitosa kwenye urais. Safari hii watu wazima wote waliruhusiwa kujiandikisha na kupiga kura. Nyerere alipata zaidi ya milioni 1.1, Mtemvu elfu 21 na kidogo, chini ya asilimia mbili.

Ni rahisi kumcheka. Lakini tuulize, je, mawazo yake hayakuwa na wafuasi? Oktoba 1961, Bunge lilipojadili sheria ya uraia, wabunge wa TANU yenyewe walitaka uraia uwe wa Waafrika peke yao, hadi Nyerere akatishia kuwa serikali yake itajiuzulu. Hoja ya Mtemvu ilikuwa imejaa ndani ya TANU! Kilichokosekana kwake ni matawi, fedha na watu wa kuzunguka vijijini. Na mwaka 1958, nadhani, wengi ambao wangekasirishwa na kura tatu ndio haohao walionyimwa kadi ya kupigia kura.

Simtetei kwa kila kitu. Ukisimama Kilindoni na kaulimbiu ya Afrika kwa Waafrika, unamaanisha nani? Mafia ina Washirazi, Wapokomo, Wamakonde, wenye babu Waarabu, wenye bibi Wangazija, na nyumba moja inaweza kuwa na watatu kati ya hao. Kaulimbiu ile ingewapasua watu katikati. Hapo naona Nyerere alikuwa sahihi.

Lakini kumshinda Mtemvu kwa kura ni jambo moja, na kuwafungia mlango akina Mtemvu wote ni jambo jingine. Januari 1963 TANU iliamua nchi iwe ya chama kimoja. Mtemvu akarudi TANU. Mwaka 1965 wananchi wakachagua kati ya watu wawili walioteuliwa na chama, mmoja alama ya jembe, mwingine nyumba. Hata humo kulikuwa na vishindo: ng'ambo yetu, Rufiji, Bibi Titi Mohamed alianguka. Lakini swali la chama gani kitawale halikuulizwa tena hadi 1995. Na njia ya Sarwatt ilifungwa pia. Mchungaji Christopher Mtikila alianza kuidai mahakamani mwaka 1993, Mahakama ya Afrika pale Arusha ikampa haki mwaka 2013, akafariki 2015 bila kuiona.

Ndiyo maana nazihesabu zile kura 53. Ushindi wa Nyerere wa 1962 una uzito kwa sababu kuna elfu 21 walioruhusiwa kusema hapana, na wakahesabiwa. Viti 58 vya 1960 visivyo na mpinzani havituambii chochote kuhusu walichotaka watu wa huko. Mwaka 2020 tulirudi palepale, majimbo zaidi ya 20 wabunge wakapita bila kupingwa.

Kule walishangilia, sawa. Lakini walimshinda nani?