Wanafunzi Elfu Moja: Kikomo cha Harvard cha 1926 na Maana Mpya ya Udahili

Chuo binafsi kinapotangaza kwamba hakitapokea zaidi ya idadi fulani ya wanafunzi, watu wengi hulichukulia tangazo hilo kuwa ni suala la vitanda na madawati. Nafasi zimejaa, basi. Insha hii inachunguza kikomo kimoja tu, kile cha wanafunzi 1,000 wa mwaka wa kwanza kilichowekwa na Chuo Kikuu cha Harvard, nchini Marekani, mwaka 1926. Hoja yangu ni kwamba ufinyu wa nafasi ulikuwa sehemu ndogo ya sababu. Kikomo kile kilikiwezesha chuo kufanya kwa siri jambo ambalo kilikuwa kimeshindwa kulifanya hadharani miaka mitatu kabla.

Ili kuelewa, inabidi kwanza tuiweke kando Harvard ya leo, ambayo huwakataa karibu wote wanaoomba. Mwanzoni mwa karne ya 20 mambo hayakuwa hivyo. Kijana aliyefaulu mtihani wa kuingia aliingia. Alishindana na karatasi ya mtihani, hakushindana na kijana mwenzake. Kizuizi kilikuwa kwenye masomo yaliyotahiniwa, kama Kilatini, ambayo shule nyingi za serikali hazikuyafundisha vizuri, na kwenye ada. Mwaka 1911 chuo kililegeza masharti ya mtihani ili kuwapa nafasi vijana wa shule za serikali. Rais wa chuo wakati huo, Abbott Lawrence Lowell, aliyeongoza kuanzia 1909 hadi 1933, alitarajia kupata vijana kutoka majimbo ya mbali.

Waliokuja kwa wingi walikuwa watoto wa jirani. Kati ya 1881 na 1924 Wayahudi wapatao milioni 2 walihamia Marekani kutoka Ulaya ya Mashariki, wakikimbia umaskini na mashambulizi. Wengi walikaa katika miji mikubwa kama New York na Boston, wakafanya kazi za ushonaji na uchuuzi, na wakawapeleka watoto wao shule za serikali. Watoto hao walifaulu mitihani. Mwaka 1900 Wayahudi walikuwa takriban asilimia 7 ya wanafunzi wapya wa Harvard. Kufikia 1922 walikuwa zaidi ya asilimia 21. Wengi wao hawakuwa na uwezo wa kulipia bweni, kwa hiyo walikuja asubuhi kwa treni ya mjini na kurudi kwao jioni wakiwa na chakula walichofungiwa nyumbani. Familia tajiri za Boston, ambazo zilikuwa zimezoea kukiona chuo hicho kama mali ya ukoo, hazikufurahi.

Harvard haikuwa ya kwanza kushtuka. Chuo cha Columbia, mjini New York, kilikuwa tayari kimeanza kutumia fomu mpya zilizouliza dini ya mwombaji na mahali alipozaliwa baba yake, pamoja na kudai picha na mahojiano. Katika muda wa miaka michache sehemu ya Wayahudi pale ilishuka kutoka takriban asilimia 40 hadi karibu nusu ya hiyo. Hakuna aliyetangaza mgao. Fomu ilifanya kazi yake kimyakimya. (Kisanduku cha dini si kigeni kwetu pia, wengi wetu tumekijaza tangu shule ya msingi bila kujiuliza kinasomwa na nani.)

Lowell alikosa hekima hiyo ya kunyamaza. Mwaka 1922 alipendekeza kwamba idadi ya Wayahudi iwekewe mpaka, na kiwango alichokuwa nacho akilini kilikuwa asilimia 15. Alidai kuwa alikuwa akiwatetea: kwamba chuki dhidi ya Wayahudi huongezeka kadiri idadi yao inavyoongezeka, hivyo wakipunguzwa chuki nayo itapungua. Hoja hii haistahili kukubaliwa hata kidogo. Inamtaka anayechukiwa aondoke ili anayechukia atulie. Tena, Lowell hakuwa mtazamaji tu katika siasa za uhamiaji. Tangu 1912 alikuwa makamu wa rais wa jumuiya iliyopigania kuzuiwa kwa wahamiaji, na katika miaka hiyohiyo alikataza wanafunzi weusi wasikae katika mabweni ya mwaka wa kwanza. Baba mmoja aliyekataliwa nafasi ya mwanawe, Roscoe Conkling Bruce, alikuwa mwenyewe mhitimu wa Harvard. Baraza la juu la chuo lilitengua katazo hilo mwaka 1923.

Pendekezo la Wayahudi lilizua kelele magazetini, miongoni mwa wahitimu na katika siasa za jimbo la Massachusetts. Chuo kikaunda kamati ya watu 13 chini ya Profesa Charles Grandgent. Wakati kamati ikiendelea na kazi, fomu ya maombi ilibadilishwa hata hivyo. Kuanzia msimu wa 1922 mwombaji aliulizwa rangi na dini yake, jina la ukoo wa mama kabla ya kuolewa, alikozaliwa baba, na kama yeye au baba yake amewahi kubadili jina. Swali hili la mwisho linajieleza. Wahamiaji wengi walikuwa wamefupisha majina yao ili wapate kazi, na sasa chuo kilitaka kujua jina lililofichwa.

Kamati ilitoa ripoti yake Aprili 1923 na ilikataa mgao wowote wa kikabila au kidini. Ilipendekeza pia kwamba vijana waliokuwa katika sehemu ya saba ya juu ya darasa lao wapokelewe bila mtihani, kwa nia ya kuwavuta wanafunzi kutoka Magharibi na Kusini mwa nchi. Hapa historia ilimcheka Lowell. Waliofaidi mpango huo walikuwa pia wanafunzi bora wa shule za mijini, na miongoni mwao Wayahudi walikuwa wengi. Mwaka 1925 sehemu yao ilipita asilimia 27. Njia ya wazi ilikuwa imefungwa na njia ya mzunguko ilikuwa imeleta matokeo ya kinyume.

Ndipo kikaja kikomo. Mwishoni mwa 1925 Lowell aliandika katika barua kwamba njia iliyo bora ya kuzuia ongezeko hilo ni kuwachagua waombaji kwa kuwapima tabia mmoja mmoja, kazi ifanywe na wakuu wa udahili wenyewe. Mwaka 1926 chuo kiliamua kuwa wanafunzi wapya wasizidi 1,000, na kwamba kamati ya udahili iangalie tabia na ufaafu wa mwombaji, siyo alama peke yake. Picha ikawa sharti. Barua za mapendekezo na mahojiano yakapata uzito.

Ni muhimu kuona jinsi mambo haya mawili yanavyotegemeana. Kama hakuna kikomo, mwenye sifa anaingia, na hakuna haja ya mtu wa kuchagua. Kikiwepo kikomo, wenye sifa wanazidi nafasi, na lazima wengine wakataliwe ingawa wamefaulu. Mtu aliyefaulu akikataliwa, anastahili sababu. Sababu iliyotengenezwa ikawa tabia, neno ambalo haliwezi kupimwa kwa rula wala kukatiwa rufaa. Kijana aliyeambiwa amefeli hesabu angeweza kudai aonyeshwe karatasi yake. Aliyeambiwa kuwa wamepatikana wanaofaa zaidi hakuwa na pa kushika. Katika miaka iliyofuata sehemu ya Wayahudi ilishuka na kukaa karibu na asilimia 15, yaani kiwango kilekile kilichokataliwa na kamati.

Anayeitetea Harvard anaweza kusema kwamba msongamano ulikuwepo kweli. Ni kweli ulikuwepo. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza idadi ya vijana waliotaka elimu ya juu iliongezeka kote Marekani, na vyuo vingine binafsi kama Dartmouth, Princeton na Yale viliweka mipaka yao kabla ya 1926. Lakini kama tatizo lingekuwa viti tu, dawa yake ilikuwa nyepesi: wapange waombaji wote kwa alama, chukua 1,000 wa kwanza, funga mlango. Harvard haikutaka njia hiyo kwa sababu ilijua nani wangekuwemo katika hao 1,000. Kwangu huu ndio ushahidi mzito kuliko barua yoyote ya Lowell. Mfano wa Yale unaongeza nguvu. Chuo hicho kiliweka kikomo cha wanafunzi 850 mwaka 1923, na miaka miwili baadaye kikaamua kuwa kikomo hicho kisimzuie mtoto yeyote wa mhitimu wa Yale aliyetimiza masharti. Kwa maneno mengine, chuo kilikuwa kimejaa kwa baadhi ya watu, kwa wengine bado kilikuwa na nafasi.

Mgao wenyewe ulidhoofika polepole. Rais aliyemfuata Lowell, James Conant, alianzisha ufadhili kwa vijana maskini wa mikoa ya mbali uliotegemea mitihani, na baada ya Vita Kuu ya Pili ubaguzi wa wazi dhidi ya Wayahudi ulianza kuwa aibu. Jimbo la New York mwaka 1948 na Massachusetts mwaka 1949 yalitunga sheria dhidi ya ubaguzi wa dini na rangi katika udahili. Maswali yale yakaondoka kwenye fomu. Mashine iliyojengwa kuyasoma majibu haikuondoka: idadi maalumu ya nafasi, kamati inayokaa faraghani, barua, mahojiano, na alama kwa ajili ya haiba ya mwombaji. Karibu miaka mia moja baadaye, katika kesi iliyofika Mahakama Kuu ya Marekani, walalamikaji walidai kuwa waombaji wa asili ya Asia walikuwa wakipewa na Harvard alama za chini za haiba. Juni 2023 Mahakama ilipiga marufuku vyuo kutumia rangi kama kigezo cha udahili. Upendeleo kwa watoto wa wahitimu haukuguswa na hukumu hiyo.