Yai Linapokwama: Huduma ya Kwanza kwa Kuku wa Nyumbani

Kukwama kwa yai ni hali ambayo kuku jike hushindwa kusukuma nje yai lililokwisha kukomaa katika mrija wa mayai. Ni miongoni mwa dharura za uzazi zinazowapata kuku wanaofugwa majumbani, na kuku aliyekosa huduma anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili. Vifo hivyo aghalabu husingiziwa mdondo, kwa kuwa kuku aliyejikunyata na kushusha mbawa hufanana na mgonjwa wa maradhi yoyote. Hata hivyo, mdondo huenea bandani. Kuku mmoja anayetaga akidhoofika ghafla ilhali wenzake ni wazima, mfugaji anapaswa kulifikiria yai mapema.

Yai moja huchukua takribani saa 24 hadi 26 kutengenezwa, na karibu saa 20 kati ya hizo hutumika kwa ganda peke yake. Sehemu kubwa ya ganda ni kalsiamu, takribani gramu 2 kwa kila yai, na kuku asipoipata katika chakula huichota kwenye mifupa yake mwenyewe. Madini hayo ndiyo pia yanayoiwezesha misuli ya mrija kujikaza. Kwa hiyo kuku anayelishwa pumba tupu hupata hasara mara mbili: hutengeneza yai lenye ganda laini, ambalo ni gumu kusukumwa, na misuli ya kulisukuma huwa imelegea. Unene, uzee, yai lenye viini viwili na kuanza kutaga kabla mwili haujakomaa huongeza hatari.

Kuku aliyekwamwa na yai huingia na kutoka kiotani bila kutaga. Husimama wima, mkia ukiwa umeinama na kupanda na kushuka kila anapojikamua. Huacha kula, na kinyesi hupungua au hukoma kabisa. Wafugaji wengi humdhania kuwa anaatamia, na hapo ndipo saa zenye thamani hupotea. Anayeatamia hutulia kiotani, hutimua manyoya na kufoka akiguswa, lakini hushuka kula na kunywa, na kinyesi chake huwa kikubwa kuliko kawaida. Akiondolewa kiotani hutembea vizuri. Mwenye yai lililokwama hutembea kwa shida.

Huduma ya kwanza ni joto na utulivu. Kuku atengwe mahali penye giza kiasi, kisha sehemu ya chini ya mwili wake izamishwe katika maji ya uvuguvugu, kama yale ya kumwogeshea mtoto mchanga yanayopimwa kwa kiwiko, kwa dakika 20 hadi 30. Akaushwe vizuri, apakwe mafuta ya mgando kuzunguka tundu la haja, apewe maji ya kunywa na kuachwa peke yake. Wengine hutaga muda mfupi baadaye. Tumbo lisikamuliwe wala yai lisipasuliwe kwa makusudi, kwani vipande vya ganda hukata mrija kwa ndani na kufungua njia ya maambukizi. Saa chache zikipita bila yai, au kuku akizidi kulegea, apelekwe kwa daktari wa mifugo, ambaye anaweza kumchoma sindano ya kalsiamu au kulitoa yai kwa njia salama.

Dharura ya pili ni kutoka nje kwa mrija wa mayai, ambapo nyama nyekundu inayong'aa huonekana kwenye tundu la haja. Hapa adui wa kwanza ni kuku wenzake: rangi nyekundu huwavuta kudonoa, na wanaweza kumtoa utumbo kwa muda mfupi. Atengwe mara moja. Nyama hiyo isafishwe kwa maji safi ya uvuguvugu, ipakwe asali au sukari ili kupunguza uvimbe, na irudishwe taratibu kwa kidole chenye glavu na mafuta. Ikitoka tena, ni kazi ya daktari. Kumweka kuku gizani kwa sehemu kubwa ya siku husaidia kusimamisha utagaji wakati anapona.

Ipo pia hali ya kiini cha yai kudondokea tumboni badala ya kuingia katika mrija, kikaleta uvimbe na maambukizi. Tumbo hujaa na kuku huhema kwa shida. Hali hii haina tiba ya nyumbani, na kumpa viuavijasumu vya kubahatisha ni kosa: dawa hubaki katika mayai na nyama, na familia huzila bila kujua. Daktari ndiye huelekeza siku za kusubiri kabla mayai hayajaliwa.

Kwa wanaotaga, chaza zilizosagwa au maganda ya mayai yaliyookwa na kupondwa yawekwe katika chombo chake, kila kuku ajichukulie kadiri anavyohitaji. Kuku wadogo wasipewe chakula cha kuku wa mayai kabla ya wakati, kwani kalsiamu nyingi huharibu figo zao, wala wasiwashiwe taa usiku ili watage mapema.